Mkwaruzo Ndani ya Mashine

Kila msimu wa mavuno, Paskalina na mama yake walimenya mahindi uani kwao Mutuka tangu jua lilipochomoza. Kila mmoja alikuwa na msumari wake wa kuchania maganda, uliofungwa kamba mkononi. Asubuhi moja Paskalina aliifungua kamba kwa sababu ilimbana. Alipoukumbuka msumari, haukuwepo, na lundo la mahindi lilikuwa limemfika kiunoni.

Alipekua, asiuone. Kusema aliona aibu, maana mama alishamwonya mara mbili asiifungue kamba. "Utakuwa umeangukia kwenye maganda," alijiambia, uongo mtamu ambao hata yeye hakuuamini.

Saa nne trekta likaleta mashine ya kupukuchua, pamoja na mwenyewe, mzee Heriel.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona mnyonge leo?"

"Hamna kitu, babu."

Mashine ikawashwa, ikanguruma. Punje zikamwagika kwenye turubai, na mama akapiga magoti mbele ya mdomo wa mashine kuzikusanya. Paskalina aliikodolea macho kila ndoo ya mahindi iliyomiminwa juu.

Ghafla ndani ya muungurumo ikaingia sauti nyingine, kali, ya kutia ganzi meno: krrr! Ikanyamaza. Ikarudi. Mama hakuinua kichwa.

"Mama, toka hapo!" Lakini katika kelele zile nani angesikia? Paskalina akamrukia, wakaanguka wote wawili juu ya maganda. Kipande cha chuma kikachomoka, kikatoboa turubai pale pale mama alipokuwa amepiga magoti.

Mzee Heriel akazima mashine.

"Ni msumari wangu," Paskalina alisema huku akilia. "Nilijua tangu asubuhi kuwa umepotea. Nisamehe, mama."

Mama hakugomba. Alilitazama lile tundu.

"Mjukuu wangu," mzee Heriel alisema, "muungurumo ni sauti ya mashine ikifanya kazi. Huu uliousikia ni mkwaruzo, chuma kinakwaruza chuma. Ukiusikia, ujue humo ndani kuna kitu kisichotakiwa. Umemwokoa mama yako, nakushukuru. Lakini ungesema asubuhi, tungepekua lundo hili sote, na hatari isingefika hapa. Aibu ya kusema ni ya dakika moja. Kwa kunyamaza kwako, leo tungekuwa msibani."

Mama akajifuta vumbi, akainama kwenye lundo. "Ulikuwa huo mmoja tu?"

"Huo tu, mama."

"Nimekuamini. Hata hivyo njoo, tupekue hindi kwa hindi."

Na mashine ikasubiri.