Kwenye Kona ya Abuku

Mwaka 1991, kila asubuhi kabla ya shule, nilikuwa mzigo. Mama yangu, muuguzi Margarita, alikuwa akijifunza kuendesha pikipiki mpya ya zahanati yetu ya Koboko. Mwalimu wake, Mzee Kamisi, aliyewahi kuendesha pikipiki jeshini, alitaka azoee uzito wa boksi la chanjo. Chanjo si ya kuchezewa, basi nikapandishwa mimi, Mindra.

Nilipenda mno. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mihogo, injini ikinguruma polepole, nami nikifumba macho niliona kama tunaelea. Kwenye kona tu ndipo nilipofumbua.

Ijumaa Mama angepimwa uendeshaji. Akishindwa, pikipiki ingepelekwa kwingine, naye angerudi kukanyaga baiskeli hadi kijiji cha Abuku huku barafu ya chanjo ikiyeyuka njiani. Surua ilikuwa imeshaua watoto wawili kule.

Jumatano, kwenye kona ya changarawe ya njia ya Abuku, pikipiki iliyumba, Mama akaachia mkono wa mafuta ghafla, tukaanguka. Ilikuwa mara ya tatu. Goti lake lilitoka damu.

“Mama Mindra, wewe nakata mafuta katikati ya kona,” alisema Mzee Kamisi. “Punguza mwendo mbele ya kona. Halafu shika mafuta vile vile, kidogo tu, mpaka unatoka. Pikipiki iko nasimama wima na ile nguvu.”

Mama alijifuta machozi, akasema labda yeye ni mtu wa baiskeli tu. Roho iliniuma, maana nilijua jambo. Miaka yote nilikaa juu ya gunia la mihogo kwenye baiskeli yake, na kwenye kona niliegemea nje ili gunia lisiteleze. Hapa pia nilifanya hivyo. Nikisema, huenda nikashushwa.

“Mama, ni mimi,” nikasema. “Nakuvuta nje. Ukihisi hivyo, unaogopa, unaachia mafuta.”

Mzee Kamisi alicheka mpaka akakohoa. Aliniagiza kwenye kona nitazame bega la Mama na kulala upande linakolalia.

Ijumaa Mama alipunguza mwendo mapema, akashika mafuta vile vile, tukalala upande mmoja. Kona ilipita chini yetu taratibu, macho yangu yakiwa wazi. Mpimaji akampitisha.

“Mkono wangu ulikuwa na kosa, na mgongo wako ulikuwa na lake,” Mama aliniambia akinishusha. “Ungeficha lako, ningehangaika na langu bure. Kusema kweli kumetuokoa, mwanangu.”

Kisha akafunga boksi la chanjo pale nilipozoea kukaa, akaondoka kwenda Abuku. Nilisimama nikisikiliza mpaka alipofika kwenye kona. Sauti ya injini haikukatika.