Ng'ombe Watano wa Katikati ya Kitabu

Kila Ijumaa mchana, darasa la sita likishapigwa deki, Mwalimu Serafina alifungua kabati la vitabu. Watoto walisukumana kutafuta vyenye picha. Ritha hakuwa na haja ya kusukumana. Aliingiza mkono, akabana migongo ya vitabu kwa vidole viwili, akachomoa chembamba kuliko vyote. Kabla hajafika kwao, nje kidogo ya Tinde, alikuwa ameshakimaliza njiani.

Kwa mtindo huo alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko mtoto yeyote shuleni, na hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Edson, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshachoka kuzisikia.

Basi yalipotangazwa mashindano ya kusoma ya shule za msingi za kata, hakuna aliyeuliza nani aende. "Ritha atatuwakilisha," alisema Mwalimu Serafina, kisha akashusha kutoka juu ya kabati kitabu kinene kama kipande cha sabuni ya mche. "Shule zote zinasoma hiki. Mshiriki atakisimulia na kuulizwa maswali. Hatujawahi kushinda hata mara moja, Ritha. Safari hii nakutegemea wewe."

Ritha alikipokea kwa mikono miwili akitabasamu, lakini moyoni alikuwa ameshanywea.

Nyumbani alifungua ukurasa wa mwisho kwanza, akasoma namba iliyoandikwa chini: mia mbili arobaini. Akakifunga. Kesho yake akakifungua tena, namba ni ile ile. Siku zikapita, kitabu kikihamishwa kutoka kitandani hadi dirishani, kama vile kingepungua chenyewe. Angeweza kumwambia mwalimu kwamba kimemshinda, lakini Edson angemcheka hadi wamalize shule. Mwishowe akabuni ujanja. Alisoma kurasa chache za mwanzo na chache za mwisho, akajiambia kwamba ya katikati atayajaza mwenyewe.

Jioni hiyo akaenda kuijaribu hadithi yake kwa baba yake, Mzee Maige, aliyekuwa zizini akikamua.

"Shikamoo, baba. Nataka nikusimulie kitabu."

"Marahaba. Haya, lete maneno."

"Kuna kijana alitumwa na baba yake apeleke ng'ombe mbali kutafuta maji, maana kiangazi kilikuwa kikali. Aliondoka na ng'ombe kumi na wawili. Akapata shida nyingi sana njiani. Mvua zilipoanza akarudi na ng'ombe saba. Baba yake akamkumbatia, naye akalia kwa furaha. Basi."

Mzee Maige aliacha kukamua. "Watano wako wapi?"

"Watano gani, baba?"

"Kaondoka na kumi na wawili, karudi na saba. Watano wako wapi?"

"Walipotea tu njiani."

"Ng'ombe hapotei tu. Kaliwa, kaibiwa, kafa kwa kiu, au mtu kamuuza. Wewe ukirudi hapa na ng'ombe pungufu ukaniambia wamepotea tu, tutaelewana? Nenda kawatafute hao watano, halafu uje uniambie."

Ritha aliona aibu, akarudi ndani. Alivuta kigoda, akafungua kitabu pale alipokuwa ameruka.

Wa kwanza hakuwa mbali. Alikuwa ndama dhaifu aliyekwama kwenye tope la bwawa, na kijana alishinda akimvuta kwa kamba hadi jua likazama. Ritha alikimbia zizini.

"Baba, nimempata mmoja. Amefia kwenye tope."

"Maskini," alisema Mzee Maige, na alisikitika kweli. "Na mama yake huyo ndama, alifanyaje?"

Ritha hakujua, ikambidi arudi kitabuni.

Ndivyo ilivyoanza. Wa pili alitolewa kwa wenye kisima ili wengine wanywe. Wa tatu na wa nne waliibiwa mnadani, na Ritha aliwalaani wezi hao mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza anagombana na nani. Alisoma akisubiri ndoo ijae bombani, alisoma ugali ukisongwa, na ile namba ya ukurasa wa mwisho hakuitazama tena. Alipomaliza alikaa na kitabu mapajani, akasikitika kwamba kimekwisha.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa wazazi. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Pranlal, mwenye duka la madaftari pale Tinde, aliyewanunulia watoto nakala za kitabu hicho, naye akakisoma mwenyewe. Washiriki walisimulia mmoja mmoja, hadi wakabaki wawili waliofungana: Ritha na msichana wa shule jirani. Mzee Pranlal akauliza swali la mwisho.

"Baba anamkumbatia kijana, naye analia. Kwa nini analia?"

"Analia kwa furaha, kwa sababu amefika salama," alijibu haraka yule msichana, na watu wakampigia makofi. Ritha alilijua jibu hilo. Ndilo alilompa baba yake siku ile zizini.

"Halii kwa furaha," alisema zamu yake ilipofika. "Ng'ombe wa tano alikuwa mtamba mweusi, kipenzi cha baba yake. Kijana alisinzia wakati wa kulinda, fisi wakamla. Njia nzima ya kurudi alijizoeza uongo, kwamba mtamba naye aliibiwa mnadani pamoja na wale wawili. Lakini alipofika, baba yake hakuhesabu ng'ombe. Alimkumbatia yeye kwanza. Kijana akaona hawezi kumdanganya mtu anayempenda hivyo. Ndiyo maana analia."

Wengi pale walikuwa wafugaji, na kila mmoja alimwona huyo mtamba kama yuko mbele yake. Mzee Pranlal alivua miwani, akaifuta.

"Huyu amekisoma kitabu chote," alisema. "Ushindi ni wake."

Shule nzima ilimrukia. Edson ndiye aliyetangulia kumbeba, akipiga kelele kuliko wote. Kelele zilipopungua, Mwalimu Serafina alimwita Mzee Maige mbele.

"Baba Ritha, tuambie ulimfanyaje. Nilijua anavikimbia vitabu vinene, ndiyo maana nikamchagua yeye asome hiki."

"Sikumfanya kitu, mwalimu. Aliruka katikati ya kitabu, nami nikamuulizia ng'ombe watano tu. Mimi nikipotelewa na ng'ombe siulizi pori lina ukubwa gani. Naingia kumtafuta, halafu jioni nashangaa kumbe nimefika mbali."

Watu walicheka. Mwalimu Serafina aliwageukia wanafunzi. "Mmesikia? Wengi wenu mnavipima vitabu kwa unene, kama alivyokuwa akifanya Ritha. Unene hauwaambii kilichomo ndani. Kitabu kirefu husomwa ukurasa mmoja mmoja, sawa na kifupi, na anayekiruka katikati anajidanganya mwenyewe. Ritha, si kwamba hukuruka. Umeshinda kwa sababu ulirudi pale uliporuka."

Ritha aliyasikia maneno hayo akiwa bado juu ya mabega ya wenzake, akimtazama baba yake anavyocheka, na safari hii hakuwa na haja ya kujisifu.