Sauti Chini ya Lango

Asubuhi ile mtaroni walikuwapo mpima maji, aliyeitwa Rula kwa urefu wake. Mkewe, mshika usukani wa lango la maji. Na dada yake Rula, aliyewaletea chai. Hakuwapo mwingine.

Kazi yao ilikuwa na desturi. Rula husimama chini, penye nguzo ya alama, na kuita kiasi cha maji. Mkewe, juu langoni, hukirudia kwanza ndipo azungushe usukani, wasije wakakosea na kufurikisha mtaa wa chini.

"Arobaini!" aliita Rula.

"Arobaini," alijibu mwanamke, taratibu, kwa kudeka.

Mkewe alikuwa na chai mdomoni. Akameza. "Nani huyo?"

"Kwani si wewe?"

"Mimi? Tangu unioe umenisikia nikideka?"

Dada mtu akacheka. "Wifi, unauonea wivu mwangwi?"

"Mwangwi haujipaki marashi."

Kweli, juu ya matope ilielea harufu ya waridi.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Rula akaanza kunyoa ndevu kabla ya kwenda kazini.

"Nyumbani nakuita huitiki," mkewe alimwambia. "Kule unaita wewe, tena unatabasamu."

Wakamleta mganga, mama mnene mwenye haraka zake. Alinusa maji, akarudi nyuma. "Jini huyu ameitwa kila siku, naye ameitika. Kwake hiyo ni ndoa. Baba, usiite tena. Onyesha kwa vidole. Nawe mama, usishindane naye."

Walitii, na harufu ikapungua. Lakini wivu ni kidonda.

"Niite mara moja tu," mkewe alinong'ona. "Nimuwahi, ajue mwenye mume ni nani."

"Mke wangu, tumekatazwa."

"Unamlinda?"

Rula akaita. Mkewe akajibu kwa sauti kuu, akawahi, na mtaro wote ukanyamaza, hata vyura, naye akacheka kwa ushindi, akiwa bado ameshika usukani, mpaka ilipopanda kutoka chini ya lango sauti nzito ya Rula mwenyewe, ikiita, "Sitini!", naye kwa mazoea ya miaka akairudia, "Sitini," kabla hajaona kwamba mumewe pale chini alikuwa amefumba mdomo, akimtazama kwa hofu, na maji yangali arobaini.

Waridi likanukia hadi barabarani.

Alhamisi iliyofuata, maji yalipofika sitini, mke wa Rula alifariki mtaroni.