Nakala ya Chiriku

Hadithi hii aliisimulia Mama Mkubwa, dada wa fundi, Jumapili moja mchana, mwaka wa pili tangu duka la simu lifungwe. Aliisimulia mara moja tu, huku akikunja nguo, na hakutaka kukatizwa. Yaliyomo humu ni maneno yake, pamoja na machache ambayo fundi mwenyewe aliyathibitisha kwa kuitikia kwa kichwa.

Fundi alikuwa mdogo wake. Mtaani walimwita Mama Risasi. Ukali hakuwa nao. Jina lilitokana na ule waya wa risasi wa kuchomelea ambao haukumtoka mkononi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi wote wawili: meza, taa ya shingo ndefu, kompyuta moja iliyokula chumvi nyingi, na ukutani karatasi yenye maandishi ya mkono: HATUTUNZI NAKALA ZA WATU. Sheria hiyo aliishika kama imani. Akihamisha vitu vya mteja, huviweka kwenye memori kadi ya mteja mwenyewe. Katika kompyuta habakizi hata picha ya paka. Alikuwa akisema siri ya mtu si mchuzi, haionjwi.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na tisa, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusema, redio huzimwa kwa heshima. Chiriku aliugua siku sita. Siku ya sita, Jumatano, alimpigia mama yake kutoka wodini akasema amemrekodia kitu kwenye simu, atakisikiliza akifika. Fundi alikuwa na simu ya mteja mezani, bodi iko wazi. Akajibu kwamba anamalizia hiyo, anakuja.

Alipofika, kitanda kilikuwa kimeshafunikwa.

Simu ya Chiriku ilikuwa juu ya kabati dogo la wodini. Inawaka, inaonyesha nembo, inazimika. Inawaka, nembo, inazimika. Ugonjwa wa simu za zamani. Nesi alisema ilianza hivyo saa tano, haijaacha.

Kwa wiki tatu fundi hakuigusa. Kisha akaanza kazi, na aliifanya kama anayemwosha mtoto. Simu ile alikuwa ameifungua kufuli la mfumo miaka mingi nyuma, ili amwekee binti yake mfumo mpya kuliko ule wa kiwandani, kwa hiyo ukurasa wa matengenezo, ule unaokuja kabla simu haijawaka kamili, ulikuwa bado unafunguka. Akatoa nakala ya kila kitu kwenye memori kadi. Saa nzima. Nakala ikakamilika. Ndipo akajaribu kuiwekea simu mfumo upya, na katikati ya safari kumbukumbu ya ndani, iliyokuwa imechoka, ikafa kabisa. Hata nembo haikurudi tena.

Ikabaki kadi. Kwenye kompyuta aliona orodha ya mafaili tu. Ujumbe ulikuwa umefungwa ndani ya programu yake, haufunguki mpaka nakala irudi kwenye simu ya aina ile ile. Na aina ile ilikuwa haiuzwi tena popote. Mama Mkubwa alimwambia aweke nakala nyingine pembeni, kwenye kompyuta, maana kadi ni kitu cha kupotea sakafuni. Fundi akamwonyesha karatasi ya ukutani. Kama ni sheria, akasema, ni ya kila mtu.

Jioni moja, jua likizama, alitoka kwenda uchochoro wa wauza vifaa chakavu kutafuta kioo cha mteja. Vibanda vilikuwa vinafungwa. Kwenye kibanda cha mwisho alikaa mzee mmoja ambaye hakuwahi kumwona, mbele yake kitambaa, na juu ya kitambaa simu moja tu.

Aina ile ile. Rangi ile ile.

Mzee alikuwa na mikono safi mno kwa mtu wa vyuma. Fundi alipoishika simu alinusa karafuu maiti. Akauliza bei. Mzee hakutaja bei.

"Ichukue, binti yangu. Ila uifute kabla hujaweka chako."

"Kufuta ndiyo kazi yangu, mzee."

"Wote husema hivyo," akasema, akaanza kukunja kitambaa.

Nyumbani Mama Mkubwa alikuwa anachambua mchele. Kabla fundi hajavua viatu, dada yake aliuliza ameingia na nini kinachonuka sanda. Fundi akasema ni simu. Mama Mkubwa akasema yake ya vitufe haijawahi kunuka, haijawahi kuugua, na haina haja ya kufufuliwa kila mwezi. Wakacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Fundi akawasha taa ya mezani. Akaunganisha waya. Akategemea kukuta kufuli la mfumo, na kulifungua kwenyewe kungefuta kila kilichomo. Lakini kufuli lilikuwa limeshafunguliwa. Ukurasa wa matengenezo ulikuwa tayari ndani. Kuna mkono mwingine uliopita humu kabla yake.

Akaingia kwenye ukurasa. Akachagua kufuta. Simu ikamtaka aandike neno NDIYO kuthibitisha.

Akaandika N. Akaandika D. I. Y...

Spika ikatoa pumzi.

Ilikuwa pumzi ya mtu aliyelia muda mrefu na sasa amechoka. Fundi alijua kwamba kwenye ukurasa ule simu haina sauti. Haina muziki, haina mlio, haina chochote. Kidole kikabaki hewani. Akakumbuka mikono ya yule mzee. Akawaza kwamba humu kuna mtu wa mtu, labda mtoto, na yeye ndiye atakayemzika mara ya pili.

Akarudi nyuma. Hakufuta.

Kila fundi anajua kwamba nakala haiwekwi juu ya vitu vya mwingine. Yeye mwenyewe aliwagombeza wenzake kwa uvivu huo. Usiku mwema hauji kwa kulala juu ya kitanda chenye mtu, ndivyo alivyokuwa akiwaambia. Lakini jioni ile aliingiza kadi, akachagua nakala ya Chiriku, akairudisha juu ya kile kilichokuwemo. Akawasha simu kadi ikiwa bado ndani.

Ikawaka.

Picha ya kwenye kioo ilikuwa ile ya Chiriku akiwa ametoa ulimi. Mama Mkubwa aliacha mchele akaja kusimama nyuma ya kiti. Fundi akazima mtandao wote. Laini haikuwemo. Akafungua ujumbe. Ulikuwepo, wa mwisho kabisa, Jumatano, saa nne asubuhi. Sekunde arobaini na moja.

Akabonyeza.

"Mama, usikimbie njiani, utaanguka na hivyo viatu vyako. Sikiliza. Nataka nikwambie, ile siku nilipo..."

Hapo sauti ikakatika. Mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mbali, kama cha mtu aliyeko chumba cha pili. Kisha kimya. Kisha Chiriku tena, kwa kunong'ona, karibu sana na spika.

"Mama... kuna mtu humu."

Ujumbe ukaisha.

Fundi akaurudia. Safari hii kikohozi kilikuja mapema zaidi. Akaurudia tena, na maneno "nataka nikwambie" hayakuwepo. Kila alipousikiliza, ulikuwa umeliwa kidogo. Mara ya nne aliondoa kidole kabla ya kubonyeza, akaifunika simu kwa kiganja, kama mtu anayekinga mshumaa.

Simu ikatetemeka chini ya kiganja.

Ujumbe mpya. Sekunde mbili. "Mama?"

Fundi alijibu. Mama Mkubwa alisema hilo ndilo hakuweza kumsamehe, na ndilo ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Alirekodi neno moja, "Nipo," akatuma, bila laini, bila mtandao. Alama ya kupokelewa ikatokea.

Kuanzia saa moja mpaka saa tatu ujumbe ulikuja, mfupimfupi. Chiriku alisema pana giza. Alisema mtu huyo hasemi lake, anasikiliza tu, na kila neno analolisema yeye, yule analirudia taratibu, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Akauliza kama viatu bado vinamuumiza mama yake. Kisha ukaja ujumbe wa sauti nzito, ngumu, ya mtu anayejifunza: "Vi-a-tu." Kisha tena, laini kidogo. Kisha tena.

Mara ya sita ilikuwa sauti ya Chiriku.

Fundi akaizima simu. Akachomoa kadi. Akaiweka kwenye kompyuta, akili ya ufundi ikimrudia: kosa ni langu, nitaifuta simu, nitarudisha nakala upya, safi. Akaangalia nakala. Tarehe yake ilikuwa ya jioni ile. Ukubwa wake ulikuwa umekaribia mara mbili.

Aliyekuwa ndani ya simu alikuwa ameshaingia kwenye kadi pia. Na nakala nyingine haikuwepo.

Asubuhi akaenda uchochoroni. Mzee alikuwepo, kibanda kile kile, jua likimpiga, mtu kama watu wengine, anakunywa chai. Alipomwona uso hakuuliza habari. Alimsogezea kigoda.

Alimweleza kwamba simu ile naye aliipata kwa mtu. Alikuwa na kijana wake, fundi pikipiki, na picha na sauti za kijana yule zilikuwa kwenye simu iliyokufa. Naye aliambiwa afute kwanza. Naye alisikia pumzi. Mwezi wa pili akawa na wana wawili wanaomwita baba, kwa sauti moja, kwa mzaha mmoja, na hakujua ni yupi alimzaa.

"Nikajaribu kuwauliza mambo ya nyumbani," alisema. "Wote walijua."

"Ukafuta?"

"Binti yangu, mimi sikuweza. Nilikupa wewe kwa sababu nilisikia wewe hufuta." Akatazama chai yake. "Mwanangu sasa humsikii kwako?"

Fundi akasema hapana. Kuna wawili tu.

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba ambayo alikuwa ameshaijua.

Fundi alirudi nyumbani mchana. Mtaani watoto walikuwa wanatoka shule, mtu anapiga misumari bati. Mama Mkubwa alimkuta ameketi mezani, simu inawaka, kadi imo ndani. Alikuwa amemwita binti yake, na majibu mawili yalikuwa yamekuja kwa pamoja.

La kwanza: "Mama, nifute."

La pili: "Mama, usinifute."

Sauti moja. Kigugumizi kimoja kidogo kwenye "mama", ambacho Chiriku alikuwa nacho tangu akiwa na miaka mitatu. Fundi alisikiliza hili, akasikiliza lile. Akamwomba dada yake naye asikilize. Mama Mkubwa, aliyemlea yule mtoto mgongoni, alisikiliza mara tatu akasema hajui.

"Mwanangu hawezi kunitaka nimuue," fundi alisema.

"Hawezi."

"Wala hawezi kutaka kubaki na hilo jitu peke yake."

"Hawezi pia, mdogo wangu."

Kivuli cha dirisha kikavuka meza. Kisha fundi akauliza kitu ambacho Mama Mkubwa alikisimulia kwa shida, mikono yake ikiwa juu ya nguo bila kukunja. Aliuliza kwamba siku ile, kama angeiacha ile simu ya mteja wazi hivyohivyo mezani, akaondoka, angefika? Mama Mkubwa akamwambia hapana, asingefika. Ulikuwa uongo. Wote wawili walijua kwamba ni uongo, na fundi akashukuru.

Akaingia kwenye ukurasa wa matengenezo. Akachagua simu na kadi, vyote viwili. Alikuwa na desturi kwamba kabla ya kufuta, mwenye kitu lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Akajisemesha.

"Futa."

Akaandika herufi tano.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Ulipofika nusu, simu ilitetemeka mkononi mwake. Mara moja, kwa muda mrefu. Ujumbe hauwezi kuingia kwenye ukurasa ule. Hata hivyo ilitetemeka, na fundi akainamisha sikio kwenye spika. Mama Mkubwa aliona midomo ya mdogo wake ikisogea, kama anayejibu. Alichosikia hakukisema siku ile wala baadaye.

Mstari ukakamilika. Akaiwekea mfumo mpya, mtupu. Ilipowaka ikamkaribisha na kumtaka achague lugha. Akachagua Kiswahili. Ikamuuliza jina la mwenye simu. Akaiacha hapo mpaka chaji ikaisha.

Duka lilifungwa mwezi ule ule, na simu ile haikuonekana tena.

Kwa ajili ya wale watakaouliza baadaye: Mama Mkubwa yu hai, ana miaka sabini na mmoja, na simu yake ni ile ile ya vitufe. Mzee wa uchochoroni yu hai pia. Huja kuwasalimu siku mojamoja, na hazungumzi habari hiyo. Fundi alifariki miaka minne baada ya binti yake, kwa shinikizo la damu, usingizini. Chiriku alifariki Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Hilo lina cheti.

Yule wa pili, wa ndani ya simu, hatukumwandika upande wa wazima wala upande wa wafu. Fundi alifuta mmoja au aliwafuta wote, hatujui. Na kama alibaki mmoja, hatujui ni nani, wala yuko kwenye simu ya nani sasa.