Mazoezi ya Ufaransa

Mvua ya mawe iliwafumania katikati ya msitu wa Kaptagat. Kufikia hapo Leonida alikuwa ameshajua kwamba wamepotea; mumewe Isaiah ndiye alikuwa hajakubali.

Ulianza upepo, ukakunja vilele vya misonobari. Kisha likaja giza la ghafla saa za alasiri, kisha mawe yenyewe, yakigonga matawi, mabega na mikono iliyofunika vichwa. Leonida alimkamata Seline, binti yao wa darasa la sita, akambana kwenye shina la mti na kumkinga kwa mgongo wake. Isaiah hakujificha. Alikuwa mbele, kofia imepeperuka, macho yanatafuta alama ya rangi kwenye mti unaofuata.

"Naiona nyingine pale ng'ambo," alipaza sauti.

Akakanyaga ukingo wa kijito, na ukingo ukaporomoka naye. Leonida alipoteremka alimkuta ameketi ndani ya maji baridi, anautazama mguu wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Chini ya goti mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Sasa, usiniulize mtu mzima na akili zake timamu alikuwa anatafuta nini msituni na mke na mtoto, msimu wa mvua, kwa sababu jibu lake ni Ufaransa.

Mwaka huo wa themanini na sita Isaiah alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Eldoret. Mfaransa mmoja alikuwa amekuja na mkewe Odile kufunga mashine mpya, wakakaa, wakazoeana na nyumba hiyo, wakala samaki na ugali wa Leonida mpaka wakajua kumega tonge bila kuonyeshwa. Walipoondoka waliacha mwaliko: Agosti njooni kwetu mashambani, tutembee pamoja kijiji hadi kijiji, wiki nzima, begi mgongoni. Majirani waliposikia walicheka mpaka machozi. Mama Kavetsa wa nyumba ya pili aliuliza mtu anapandaje ndege kwenda kutembea kwa miguu, na kwao Vihiga watu wanatembea kila siku na hakuna aliyewaalika.

Isaiah hakucheka. Aliipanga likizo hiyo jinsi alivyofungua mashine, kipande kwa kipande. Ramani ya Ufaransa aliitundika sebuleni, ubavuni mwa picha ya Rais. Pasipoti, ambayo siku zile haikuwa kitu cha kuomba asubuhi ukapewa jioni, aliifuatilia kwa chifu, akaifuatilia wilayani, akaifuatilia hadi Nairobi. Lililobaki kumsumbua lilikuwa mguu wa mkewe. Leonida alikuwa amevunjika kwenye ajali njia ya Turbo, akawekewa chuma, na mpaka leo akichoka anachechemea. Isaiah aliona haya kumwambia usoni, basi akasema kwa kuzunguka: tufanye mazoezi Kaptagat kwanza, siku moja tu, na asiyemaliza abaki nyumbani kumtunza Mama. Mama ni mamake Isaiah, mwenye afya kuwashinda wote.

Leonida alielewa vizuri sana asiyemaliza ni nani. Ilimuuma, tena ilimuuma ndani. Alikuwa amechoka kuulizwa na kila mtu kama atafika, kama atapumzika kidogo, kama asubiriwe. Alifunga begi lake.

Jumamosi asubuhi waliletwa hadi ukingo wa msitu na Aden, mwenye lori, Msomali aliyekuwa akibebea kiwanda marobota na ambaye alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Wakapatana kwamba jioni atawangoja upande wa pili, Plateau. Kabla ya kugeuza lori alimpa Isaiah kipande cha turubai, akasema mvua ya huku haina adabu. Isaiah akakataa, kijitabu cha safari walichoachiwa na Odile hakikutaja turubai. Leonida akalichukua kimya kimya, akalikunja, akalibeba yeye.

Na kijitabu hicho ndicho kilichowaponza. Kilieleza kwamba njia za kutembea za Ufaransa huonyeshwa kwa rangi kwenye miti, mstari mweupe juu, mwekundu chini: ukiiona alama endelea, ukiikosa rudi ulipoiona mwisho. Isaiah alikuwa amelikariri hilo kama sala. Basi walipofika njia panda na kuona rangi nyekundu kwenye shina la msonobari, uso ulimng'aa. Kumbe hata kwetu, alimwambia Seline, watu waliotuachia hii misitu walikuwa na mpango. Leonida akauliza nyeupe iko wapi. Isaiah akajibu kwamba imefifia kwa mvua. Mti kwa mti wakafuata rangi, wakaacha njia ya watu, wakavuka majani yanayowasha, wakapita mahali ambapo hapakuwa na unyayo hata wa ng'ombe, na kila Leonida alipouliza, fundi alionyesha mti mwingine wenye rangi.

Haya. Tumrudie kijitoni, kabla hajaganda.

Leonida na Seline walimshika kwapa, wakamburuta hadi pakavu. Ile mipini ya fagio ambayo Isaiah alikuwa ameikata kuwa fimbo za safari, na ambayo mkewe alikuwa ameicheka njia nzima, Leonida aliilaza pande mbili za mguu. Akapasua leso yake. Alipounyoosha mguu, Isaiah alitoa sauti ambayo Seline hakuwahi kuisikia kwa babake, na mtoto akageuka kutazama mti.

"Vidole unavisikia?" Leonida aliuliza.

"Nasikia maumivu."

"Sikukuuliza maumivu. Vidole. Vichezeshe."

Vikacheza. Akafunga, akakaza lakini bila kukata damu, maana swali hilo la vidole aliulizwa yeye kila asubuhi alipokuwa amelala wodini, na mkono wa muuguzi aliutazama kwa wiki nyingi hana kazi nyingine. Kisha alilitundika turubai juu ya tawi, wakajikunyata chini yake watatu, na Seline akaokota mawe ya barafu akayatia kwenye pakiti tupu ya maziwa ya Nyayo, ile ya pembe tatu ya shule, yakayeyuka wakanywa. Usiku wenyewe tuuache. Ulikuwa mrefu, ukapita.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Mguu wa Isaiah ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, vidole baridi na vizito kucheza, na mwili wake una homa. Seline alikuwa ametetemeka hadi ameacha kutetemeka, akawa mpole kupita kiasi, anajibu neno moja moja, na hilo lilimtisha mamake kuliko mvua. Hakuna mtu angepita pale siku ya Bwana. Aden angewatafuta, ndiyo, lakini angewatafuta penye njia.

Isaiah akasema kanuni ni kurudi. Watafute alama ya mwisho, kisha iliyotangulia, hadi njia panda.

Leonida akasimama. Ukungu ulikuwa unaanza kuachia miti. Aliona nyekundu kwenye mti ule wa ng'ambo. Akaona nyekundu kwenye wa jirani yake. Akageuka, akaona nyekundu nyuma, na kushoto, na kulia, na juu ya kilima mpaka macho yakachoka. Alama hazikuwa zinaenda popote. Kila mti ulikuwa na yake.

"Baba Seline," alisema, "hii si njia. Hii miti imewekwa rangi ikatwe."

Isaiah aliitazama mti kwa mti.

"Nimewaua," alisema.

"Bado," Leonida akajibu, na akamgeukia mtoto kumvisha soksi kavu.

Lakini kichwa chake kilikuwa kimeanza kazi. Mti uliowekwa rangi utakatwa. Uliokatwa lazima utolewe, na gogo la msonobari halitolewi kwa kichwa wala kwa punda. Linataka trekta, na trekta linataka barabara. Wapasuaji hawaruki hapa na pale, wanakata eneo wakilimaliza wanaingia jingine. Basi mahali fulani, si mbali sana, rangi hizi zilikuwa zimeshageuka visiki. Upande gani ndio alikuwa hajui.

Akamtuma Seline maji, zaidi kumchangamsha kuliko kiu. Mtoto akarudi na pakiti yake ya pembe tatu, akasema maji leo ni machafu, yana unga. Leonida alichungulia. Juu ya maji palielea unga wa manjano. Alinusa, akaonja kwa ulimi: mbao mbichi. Mvua ya jana ilikuwa imeufagia kutoka walikokata na kuumwaga kijitoni. Wakikifuata kijito kuelekea kilikotoka, watafika.

Isaiah alimsihi amwache. Chukua mtoto, alisema, nendeni wepesi, mtatuma watu.

"Na hao watu niwaambie uko mti gani?" Leonida aliuliza. "Wenye rangi nyekundu?"



Walilishusha turubai, wakalitandika, wakamlaza Isaiah juu yake, na Leonida akazifunga ncha zake mbili kwa mikanda ya mabegi, akaivaa mabegani. Akainama, akavuta. Turubai halikusogea. Akavuta tena, Seline akisukuma nyuma na Isaiah akijisukuma kwa mguu mzima na kushika mizizi, nalo likasogea kiasi cha hatua, likakwama, likasogea. Hivyo ndivyo walivyopanda. Matope yaliwafika magotini. Majani yanayowasha yaliwachapa mikono mpaka ikafa ganzi. Mbega walikaa juu ya matawi na mikia yao myeupe wakawatazama bila huruma.

Mguu wa Leonida wenye chuma ulianza kulalamika mapema, na kufikia mahali palipoinuka ulikuwa unawaka kutoka paja hadi kisigino. Leonida alizungumza nao kwa Kijaluo, polepole, maneno ambayo mwanamke wa kanisa hayasemi mbele ya mtoto. Alipoanguka, Isaiah alisema basi, inatosha, pumzika. Ndilo neno alilokuwa amelichukia miaka yote hiyo. Aliinuka akavuta kwa hasira, na nakuambia hasira ya namna hiyo inavuta vizuri.

Seline ndiye aliyekiona kisiki cha kwanza. Cheupe, kibichi, kinatoa utomvu. Mbele yake kingine, na kingine, na ghafla msitu ukafunguka na mbingu ikawa pana juu ya vichwa vyao, na kila mahali palijaa matawi yaliyokatwa na unga wa mbao uliolowa. Hapakuwa na mtu. Lakini katikati ya uwanja ule palikuwa na mfereji wa matope, laini, mpana kama gogo, pale trekta lilipokuwa likiburuta magogo, na mfereji huo uliteremka.

Leonida aliutazama, akaelewa, akaanza kucheka. Alicheka hadi Seline naye akacheka bila kujua sababu. Wakamsogeza Isaiah mdomoni mwa mfereji, na mara hii hakukuwa na haja ya kuvuta. Turubai liliteleza lenyewe. Leonida alikuwa nyuma sasa, amekita visigino, ameshikilia mikanda kwa nguvu zake zote lisiende mbio, na fundi wa mitambo, mpangaji wa safari za ng'ambo, akashushwa Kaptagat kama gogo la mbao, amefumba macho, anaomba.

Chini kulikuwa na barabara ya murram. Na kabla hawajapata pumzi, wakasikia honi, ndefu, ya sauti mbili. Eldoret nzima iliijua honi ile. Aden alikuwa ameingoja familia hiyo Plateau mpaka giza, na tangu alfajiri alikuwa anaingia kila barabara ya msitu na kutoka, anapiga honi, ananyamaza kusikiliza, anapiga tena. Leonida alisimama katikati ya barabara, matope hadi shingoni, mikono juu, na lori likasimama hatua chache mbele yake.

Aden akashuka. Akamwangalia Seline, akamwangalia mama, akamwangalia mtu aliyelala chini.

"Hilo turubai nilimpa Isaiah alibebe," alisema.

"Alikataa," Leonida akajibu. "Likambeba yeye."

Hospitali ya misheni pale Plateau ilimpokea kabla ibada ya mchana haijaisha. Daktari alifungua leso na mipini ya fagio, akavitazama, akauliza nani alifunga. Akasema vidole viliponea hapo, na kwamba kuchelewa zaidi kungeula mguu. Seline alipewa chai ya maziwa na blanketi, akaanza kutetemeka upya, na mamake aliona ni mtetemo mzuri kuliko yote.

Jioni Isaiah alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta nyeupe. Alikuwa ameshamuuliza daktari kuhusu Agosti, naye akamwambia labda, akiwa na subira na fimbo. Sasa alikuwa hamtazami mkewe.

"Tulisema asiyemaliza abaki," alisema. "Mimi ndiye sikumaliza."

Leonida angeweza kumwambia mengi. Aliyapanga mengi huko mferejini, na mengine kijitoni. Lakini Leonida alimwona mtu wake alivyokonda kwa siku moja, akavuta kiti akaketi, mguu wake akaunyoosha juu ya ukingo wa kitanda kando ya ule wa plasta.

"Ulimaliza," alisema. "Kwa mgongo, lakini ulimaliza."

Isaiah alicheka, kisha akalia, kisha akaomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka, bila kuzunguka safari hii.

Agosti walikwenda, wote watatu, na Mama akabaki Eldoret kujitunza mwenyewe. Siku ya kwanza Odile aliwapeleka mpaka mwanzo wa njia, nje ya kijiji cha mawe, mbele ya msitu mdogo uliopoa. Kwenye mti wa kwanza palikuwa na rangi. Isaiah akasimama na fimbo yake. Hakunyoosha kidole, hakufungua kijitabu. Alimngoja mkewe.

Leonida aliusogelea mti. Mweupe juu, mwekundu chini. Akauzunguka taratibu, akatazama wa jirani, na wa nyuma yake, na wa upande wa pili, Odile akishangaa anatafuta nini. Miti hiyo yote ilikuwa safi, haina hata tone la rangi.

"Hii ni njia," Leonida alisema, akavuta mikanda ya begi mabegani, akaingia wa kwanza.