Mwenzi wa Mwalimu Nasike

Wimbo uliisha, watoto wakasimama, lakini miguu fulani ikaendelea.

Zilikuwa hatua chache tu, kisha soli ikaburuzika juu ya mbao za sakafu kama ya mtu anayemaliza mzunguko wake bila haraka. Mwalimu Nasike aliinua sindano kutoka kwenye santuri, akawageukia watoto kwa ukali.

"Nani huyo? Nikisema tusimame, tunasimama."

Watoto walitazamana. Wote walikuwa wamebana miguu pamoja kama alivyowafundisha, jasho likiwatoka licha ya baridi ya Julai.

"Si sisi, Mwalimu," alisema Njoki, msichana mwembamba wa mstari wa mbele, ambaye hakuwahi kumdanganya. "Ni huko nyuma."

Huko nyuma palikuwa na viti vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, ukuta, na dirisha lililozibwa kwa kadibodi tangu kioo chake kivunjike. Nasike alitazama, akacheka kidogo ili watoto nao wacheke, akarudisha sindano mwanzo wa wimbo. Moyoni hakucheka, kwa maana yeye alijua ni nani.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja, katika ukumbi wa mtaa wa Ziwani. Kila jioni baada ya shule Nasike aliwafundisha watoto wa mtaa kucheza. Aliwafundisha rumba na cha-cha-cha, twist ambayo wazazi wao waliicheza ujanani, kamabeka ya kwao Bungoma ambayo mabega hutetemeka mpaka jasho liruke, na mwomboko wa Wakikuyu aliofunzwa na Waruguru, mama yake Njoki, siku moja ya harusi. Watoto walimpenda. Hakuwa mwalimu wa kupiga. Alikuwa akimshika mtoto kiunoni, akimwambia, "Usiifukuze ngoma. Iache ikufikie."

Zamani alicheza na mumewe, Lusweti. Lusweti alifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi kule Industrial Area, na kila Jumamosi alivaa koti lake la kijivu, akamchukua mkewe dansini. Watu walisogeza viti kuwapisha. Kisha kifua kikamshika Lusweti, akakohoa msimu mzima wa mvua, akafa. Nasike alimpeleka nyumbani, akamzika, akakaa na wakwe zake mpaka matanga yakaisha. Hakuwa amejaliwa mtoto. Hakuna aliyemwambia nenda, na hakuna aliyemwambia baki. Basi akarudi Nairobi.

Chumba chake kilikuwa hatua chache kutoka ukumbini, lakini hakuwa na haraka ya kukifikia. Watoto walipoitwa na mama zao, mmoja mmoja, majina yakipaa juu ya mabati, yeye alibaki akifagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Mwishowe alizoea kuweka santuri tena, kuinua mikono kama aliyeshika mtu, kufumba macho, na kucheza. Mwanamke anayecheza rumba peke yake ni kama mtu anayejipakulia chakula katika sahani mbili. Nasike alilijua hilo, na bado alicheza.

Jioni moja, mwezi wa Juni, upweke ulimzidi. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono hewani, akanong'ona, "Njoo basi. Hata kama si wewe, njoo."

Kwanza ilikuja harufu, kama ya majivu ya moto yaliyomwagiwa maji. Halafu mkono ukamgusa mgongoni, ukiwa wazi, mpana, baridi yake ikipenya sweta mpaka ngozini. Mkono mwingine ukaingia katika kiganja chake na kujifunga taratibu. Nasike alitaka kupiga kelele. Lakini wimbo ulikuwa unaendelea, na kile kilichomshika kikaanza kucheza, tena kikicheza vizuri, kikimwongoza kwa upole ambao hakuuonja tangu Lusweti alale kitandani asiamke. Walipofika mwisho wa ukumbi, kikageukia kushoto. Lusweti daima aligeukia kulia.

Si yeye, Nasike aliwaza. Akafumba macho zaidi, akacheza mpaka mwisho.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakuwahi kufumbua macho. Kile kitu hakikusema lolote, na wimbo ulipoisha kilimwachia mikono polepole kama mtu anayeweka chini mtungi uliojaa. Nasike alikwenda chumbani akiwa na baridi mifupani, lakini alilala.

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Maingi, mtunza ukumbi. Alimngoja mlangoni akizungusha funguo mkononi.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyo mgeni wako huingilia mlango gani?"

"Mgeni yupi?"

"Nasikia miguu ya watu wawili. Nikichungulia namwona mmoja." Alizishika funguo zisilie. "Mimi sikuulizi mambo yako. Lakini mikono yako, Mwalimu, ninapoiona hewani, sweta lako mgongoni huwa limebonyea. Limebonyea kama limeshikwa."

Nasike alimpita akaenda zake. Maadamu lilikuwa jambo lake peke yake, liliweza kuwa ndoto. Sasa lilikuwa na shahidi. Kuanzia siku hiyo alitoka pamoja na watoto, hakutazama nyuma, na alipopita nje ya lile dirisha la kadibodi alisikia kitu ndani kikitembea sambamba naye, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa ukuta.

Na ndipo ile miguu ilipoanza kusikika wakati wa mafunzo, katikati ya watoto.

Wiki iliyofuata walikuwa wakicheza rumba wawili wawili. Njoki hakupata mwenzi, akaenda nyuma kungoja zamu yake. Nasike alipogeuka alimwona ameinua mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa umepumzika juu ya kitu kisichoonekana, kirefu kuliko mtu mzima, kichwa amekiegemeza hewani, macho yamefumbwa, na alikuwa akienda kinyumenyume, akizunguka kushoto, kushoto tena, ncha za vidole vya miguu zikigusa sakafu kwa shida kama mtoto anayebebwa.

"Njoki!"

Wimbo uliisha. Njoki hakusimama. Watoto walirudi nyuma wakijibana ukutani, na mmoja akaanza kulia. Nasike alimkimbilia, akamshika kwa nguvu, na baridi iliyotoka kwenye mwili ule mdogo ilikuwa ni ileile aliyoilalia mwezi mzima. Mtoto alifumbua macho. Akamtazama mwalimu wake, akasema kwa sauti nzito isiyoweza kutoka katika koo la msichana, "Uliniita. Halafu ukaniacha."

Kisha akaanguka.

Nyumbani kwao Njoki hakula. Alilala vizuri kwa kitambo, kisha akainuka na kutoka nje, akacheza kati ya kamba za nguo mpaka nyayo zikachubuka. Baba yake alikuwa safarini kwa kazi ya malori, hivyo Waruguru alihangaika peke yake. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, mtoto akatulia kama maji ya mtungi. Walipofika nje ya lango, akainua mikono tena.

Waruguru alikuja kwa Nasike akiwa na leso kichwani na macho mekundu. Hakuketi.

"Mwalimu, umemfundisha mtoto wangu nini?"

Nasike alimsogezea kigoda. Waruguru alikisukuma kwa mguu.

"Mimi nilikuletea mtoto acheze na wenzake. Sasa anacheza na nani? Niambie. Anacheza na nani?"

"Mama Njoki, nipe mpaka Jumapili," Nasike alisema. "Mlete ukumbini."

Ni Maingi aliyejua pa kwenda. Alikuwa na shangazi yake, Syombua, aliyeishi Mukuru kwa Njenga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyepiga ngoma ya kilumi ambayo kwao Ukambani huchezewa watu waliopandwa na pepo. Jumapili alasiri alikuja na ngoma yake begani. Mawingu yalikuwa mazito, na ndani ya ukumbi mlikuwa na giza la mapema. Waruguru alimleta Njoki mgongoni ijapokuwa mtoto alikwisha kupita umri wa kubebwa. Maingi akafunga mlango.

Syombua aliketi, akaweka ngoma kati ya magoti, akaanza kupiga. Njoki aliinuka mara moja. Alicheza. Ngoma ilipokaza naye alikaza, ilipopunguza akapunguza, akitabasamu, na kadiri Syombua alivyopiga ndivyo ile harufu ya majivu ilivyozidi kujaa ukumbini. Halafu Syombua akasimamisha mikono.

"Huyu anafurahi," alisema polepole. "Nampigia ngoma bure. Majini wengine huvunja mlango wakaingia, hao ngoma huwatoa. Huyu hakuvunja. Amefunguliwa." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani alimkaribisha?"

Ilisikika miguu ya Njoki tu.

"Mimi," alisema Nasike.

Waruguru akageuka kumkabili.

"Basi ni wewe utakayemwambia aende," Syombua alisema. "Tena uwe unamaanisha, dada yangu. Hawa husikia moyo kabla ya mdomo."

Nasike alisogea. "Ondoka," alisema. Njoki akacheka, kicheko cha mtu mzima, cha taratibu. Yule aliyekuwa ndani yake alikuwa amesikia moyo wa Nasike.

"Nasike," ikasema sauti, na safari hii haikuwa nzito. Ilikuwa sauti ya Lusweti, na kikohozi chake kidogo mwanzoni. "Nasike, nani hukuuliza umeshindaje? Unapika nusu ya unga na bado ugali unabaki. Unaongea na jiko. Nani mwingine amekushika mwaka huu wote? Mtu yupi amekugusa hata bega?"

Nasike alisimama akilia waziwazi, kwa sababu hakukuwa na uongo hata mmoja katika maneno yale, kwa sababu mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kuinuka bila yeye kuiamuru, kwa sababu baridi ile ilikuwa inamjia kifuani kama mtu anayekuja na blanketi, na alijua kwamba angeichukua tu, angeingia mle mikononi, basi mtoto angeachiliwa na yeye hangelala tena peke yake, wala hangeamka. Akainamisha kichwa. Hapo akaziona nyayo za Njoki. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka nusu, na juu ya mbao alizozisugua yeye mwenyewe kulikuwa na duara la damu, kubwa, safi, likizungukia kushoto.

Akaivuta chini kutoka hewani ile mikono ya mtoto, akamkumbatia, akajikita.

"Ni kweli sina mtu," alisema. "Lakini wewe si wangu. Nilisema hata kama si yeye, uje. Neno hilo nalirudisha. Nenda."

"Utabaki na nani?"

"Nitabaki peke yangu."

Alilisema neno hilo bila kulia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi lilikuwa neno tu, si kisima cha kuzama. Njoki akavutwa, Nasike akavutwa naye, viatu vyake vikiteleza juu ya mbao, na vile viti vya nyuma vikaanza kuporomoka kimoja baada ya kingine, kwa kishindo, kadibodi ya dirishani ikatutumka kama kifua kisha ikapasuka, na upepo wenye majivu ukawapita usoni, ukitoka, ukitoka, na ndani ya upepo huo kulikuwa na mlio ambao Maingi hakuweza kuusimulia baadaye bila kushika kidevu, kwa maana haukuwa wa hasira. Ulikuwa mlio wa mtu aliyetolewa nje mvuani.

Kisha kukawa kimya. Kutoka mbali waliwasikia watu wa kanisa wakiimba.

"Mama," Njoki alisema kwa sauti yake. "Nataka uji."

Waruguru alimnyakua kutoka mikononi mwa Nasike, akatoka naye. Syombua alifunga ngoma yake. Mlangoni alimgusa Nasike bega, akaacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda zake.

Wiki za kwanza hapakuja mtoto. Nasike alifungua madirisha yote, akaketi kwenye benchi na kungoja. Kisha wakaja wawili, kisha watano, na mwezi wa Agosti, vidonda vilipopona, Waruguru akamleta Njoki mwenyewe. Hakumsalimia mwalimu kwa maneno marefu. Alikaa kwenye benchi na sufu zake za kufuma tangu mwanzo mpaka mwisho, na jioni iliyofuata akakaa tena.

Mafunzo yalipokwisha siku hiyo, Njoki alimsogelea Nasike akamvuta sketi. Mama yake alikuwa akikusanya sufu, hakusikia.

"Mwalimu, yule buda mrefu, yule mtu aliyecheza nami."

"Amekwenda, Njoki."

"Najua." Mtoto alinong'ona, akiwa na uso wa mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Nauliza, amekwenda kwa nani sasa?"

Nasike alimweka Njoki kola sawa. Mama na mwana walitoka wakishikana mikono. Alisimama mlangoni akawasindikiza kwa macho, huku giza likiingia na taa za Ziwani zikiwashwa, dirisha baada ya dirisha, safu baada ya safu, na akajikuta akitafuta madirisha ambayo nyuma ya pazia kulikuwa na kivuli cha mtu mmoja tu. Yalikuwa mengi. Katika dirisha moja ng'ambo ya barabara, mzee fulani alikuwa amesimama peke yake katikati ya chumba, redio ikicheza kwa sauti ndogo, na mikono yake ilikuwa inaanza kuinuka.