Wageni wa Kwikwi

Siku hiyo ilianza kama nyingine zote za ofisi ile: chai ya rangi, kiyoyozi kinachovuja, na bosi akijisifia jina. Tovuti yake ya kupangia sherehe alikuwa ameibatiza Kwikwi. Wenzake wenye tovuti kama hiyo walishaziita zao Tifutifu na Patipati, naye hakutaka kupitwa na upuuzi. Nembo ilikuwa ndege aliyevaa miwani. Mgeni akikubali mwaliko habonyezi "Nitakuja", thubutu, anabonyeza "Kwikwi!" Watu wazima na ndevu zao.

Mwandishi wa maneno ya tovuti, binti aliyeishi na mama yake tu, alikuwa amechoshwa na jina hilo. Alipoambiwa aweke sherehe ya mfano wajaribu mitambo, akaamua kuwakomesha. Akaandika: Mazishi, Alhamisi, saa tisa alasiri. Mahali akaweka kwao. Picha ya marehemu akaweka yake, kwa uvivu wa kutafuta nyingine. Wageni arobaini akawatunga kichwani, majina na anwani zote za uongo. Akatuma, akacheka peke yake.

Kabla hajamaliza chai, mgeni wa kwanza akajibu. Kwikwi!

Alidhani fundi wa mitambo anamchezea. Fundi akaapa hajagusa kitu. Barua pepe zile, alisema, hazina pa kwenda. Wa pili akajibu. Wa kumi. Wa arobaini. Binti akaifuta sherehe. Ikarudi. Bosi, kwa ujinga wake, alifurahi kwamba jina limeanza kufanya kazi.

Alhamisi, saa tisa kasoro, mama alipiga simu. Alinong'ona.

"Mwanangu, umealika watu?"

"Hapana, mama."

"Wamejaa uani. Hawasemi. Wana kwikwi tu, wanapokezana."

"Jifungie ndani. Nakuja."

"Usije. Wanakungoja wewe."

Simu ikakatika. Angemwachaje mama yake? Alikimbia njia nzima, roho mkononi, akijilaani kwa mzaha wake.

Alimkuta mama jikoni, mzima, komeo limefungwa. Uani hapakuwa na mtu. Mchangani palikuwa na alama za miguu ya viti, safu nne, viti kumi kila safu. Katikati paliachwa nafasi iliyofagiwa vizuri, nyembamba, ndefu.

Binti alisimama kando ya nafasi hiyo. Mama akatoka, akaitazama, akamtazama binti yake kutoka utosini hadi nyayoni, kisha akaanza kuifuta kwa mguu, haraka haraka, huku analia.